Wanaume 88 kwa Wanawake 100: Jinsi ya Kuisoma Sensa ya Njombe

Sensa ya Agosti 2012 ilikuwa ya kwanza tangu Njombe imegwe kutoka Iringa na kuwa mkoa unaojitegemea. Ilikuta watu 702,097: wanaume 329,359 na wanawake 372,738. Ukigawa idadi ya wanaume kwa ya wanawake, kisha ukazidisha kwa 100, unapata 88. Maana yake ni kwamba penye wanawake 100 pana wanaume 88. Kwa nchi nzima mwaka huo walikuwa 95. Sensa ya Agosti 23, 2022 ikakuta Njombe ina watu 889,946, na pengo lilikuwa limepungua kidogo tu: wanaume karibu 90 kwa wanawake 100.

Kipimo hiki huitwa uwiano wa jinsi, na wengi hukitafsiri haraka kwamba Njombe huzaliwa wasichana wengi. Sivyo. Karibu kila mahali duniani wavulana ndio wanaozidi kidogo wakati wa kuzaliwa, takriban 105 kwa kila wasichana 100. Kwa hiyo wanaume hawa wanapungua baadaye, kati ya siku ya kuzaliwa na siku karani wa sensa anapopiga hodi. Baadhi wamefariki mapema, kwa kuwa wanawake kwa kawaida huishi miaka mingi zaidi. Wengine wameondoka.

Na kuondoka ni jambo la zamani katika nyanda hizi. Enzi za mkoloni vijana wa Kibena na Kikinga walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge Tanga, na wengine wakafuata chai ya Mufindi. Baadaye Wakinga wakajijengea sifa ya biashara. Leo utakuta maduka yao Mbeya, Makambako na Kariakoo. Sensa ya Tanzania humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa. Kijana anayeuza vitenge Kariakoo, ambaye fedha zake zinaezeka nyumba kijijini Makete, kwenye vitabu ni mkazi wa Dar es Salaam.

Hapa nawaomba wasomaji waangalie kitu ambacho ile 88 haikionyeshi. Wasichana wa Njombe nao huondoka, wengi wakiwa wadogo, kwenda kufanya kazi za nyumbani mijini. Uwiano wa jinsi huonyesha tu tofauti kati ya misafara miwili. Wakiondoka wavulana elfu na wasichana mia nane, takwimu itauona upungufu wa mia mbili, na wale wasichana mia nane hawataonekana popote. Mpango wowote wa vijana unaoanza kwa kudhani kwamba wanaohama ni wanaume peke yao utawaacha mabinti hao nje, nao ndio wanaohitaji ulinzi kuliko wote.

Idadi ya watu hubadilika kwa njia tatu tu: kuzaliwa, kufa na kuhama. Ndiyo maana kasi ya ongezeko haiwezi kusomwa kama kipimo cha uzazi, ingawa magazeti na wanasiasa huisoma hivyo kila siku. Kati ya 2002 na 2012 eneo la Njombe liliongezeka kwa asilimia 0.8 kwa mwaka, wakati Tanzania nzima ilikuwa kwenye asilimia 2.7. Kina mama wa Njombe hawakuwa wameacha kuzaa. Watu walikuwa wakihama, na watu walikuwa wakifa.

Makete inaonyesha hili kuliko wilaya nyingine. Mwaka 2002 ilikuwa na watu takriban 106,000. Mwaka 2012 walibaki 97,266. Wilaya kupungua, katika nchi ambayo ndani ya miaka hiyo hiyo ilipanda kutoka watu milioni 34.4 hadi milioni 44.9, ni jambo la kusimama na kulitazama. Ukimwi uliingia nyumba kwa nyumba, ukachukua watu wa umri wa kulima na kulea, na mabibi wakabaki na wajukuu. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa na serikali mwaka 2004, na hazikufika kila kijiji siku moja. Mwaka 2022 Makete ilihesabiwa kuwa na watu takriban 109,000. Kwa maneno mengine, ilihitaji miaka ishirini kurudi ilikokuwa na kupita kidogo.

Kuhusu Ukimwi kuna namba tatu ambazo mkazi wa Njombe amezisikia mara nyingi. Utafiti wa 2011–12 ulipata maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wazima, ya juu kuliko mkoa wowote nchini. Wa 2016–17 ukapata 11.4. Wa 2022–23 ukapata 12.7, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Je, hali ilipoa kisha ikachafuka tena? Kiwango cha maambukizi ni kama maji ndani ya pipa: hupanda maji mapya yakiingia, lakini hupanda vilevile tundu la kutokea likizibwa. Mtu anayemeza dawa zake na kuishi miaka thelathini anahesabiwa katika kila utafiti, ilhali zamani angekuwa amezikwa. Zaidi ya hayo, tafiti hizi hupima sampuli ya kaya, hivyo tofauti ya asilimia moja kati ya utafiti na utafiti inaweza kuwa bahati ya kaya zilizochaguliwa. Ukitaka kujua kama mapambano yanafanikiwa, uliza maambukizi mapya ni mangapi na wangapi virusi vyao vimefubazwa. Asilimia 12.7 peke yake haijibu swali hilo, na kuitumia kuwanyanyapaa watu wa Njombe ni dhuluma.

Tukirudi kwenye ongezeko la watu, Makambako, mji wa mkoa huu huu, ni habari nyingine kabisa. Hapa barabara kuu ya kwenda Zambia inakutana na barabara ya Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina stesheni yake. Malori yanalala, mahindi na viazi vinapakiwa, mbao zinapita. Halmashauri ya mji huu ilikuwa na watu 93,827 mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa takriban 146,000. Hiyo ni kasi ya karibu asilimia 4.5 kwa mwaka. Kuna hesabu rahisi ya kichwa: gawa 70 kwa kasi ya ongezeko, utapata miaka inayotakiwa idadi kuwa maradufu. Makambako, ikiendelea hivi, inahitaji kama miaka 16. Mkoa mzima, uliokua kwa asilimia 2.4 kati ya sensa hizo mbili, unahitaji kama 29. Diwani wa Makambako anayepanga madarasa, visima na makaburi kwa kutumia wastani wa mkoa atajikuta amechelewa kabla hajaanza. Mwenzake wa Makete akitumia wastani huo huo atajenga madarasa yatakayokaa matupu.

Kiashiria cha mwisho ndicho kinachoniuma zaidi. Utafiti wa afya wa 2022 ulipata kwamba asilimia 50.4 ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Taifa lilikuwa na asilimia 30. Huu ni mkoa wa mahindi, viazi, maharage, maziwa na parachichi. Chakula kipo. Lakini gunia shambani si lishe mdomoni mwa mtoto. Mama anashinda shambani akiwa mjamzito, mtoto wa miezi minane anaachiwa uji mtupu mara mbili kwa siku, na maziwa na mayai yanakwenda sokoni kutafuta ada. Rudi sasa kwenye ule uwiano wa 88, maana unahusika: mwanaume akiwa mbali, jembe, kuni, maji na mtoto vyote vinamwangukia mtu mmoja. Wataalamu wa lishe wakifundisha mapishi bila kuugusa mzigo huo, mama atawasikiliza kwa heshima, kisha atarudi shambani.

Takwimu za sensa ya 2022 zimetolewa hadi ngazi ya kata, na ni mali ya umma. Katika mkutano ujao wa mtaa au kijiji chako, kabla bajeti haijapitishwa, muulize mtendaji wa kata maswali matatu: kata yetu ina watu wangapi, wangapi ni watoto chini ya miaka mitano, na kaya ngapi zinaongozwa na wanawake. Asipokuwa na majibu, mwombe ayalete kwenye mkutano unaofuata, na bajeti isubiri.