Kesses ina sola, kazi iko wapi?

Kila msimu wa mahafali pale Chuo Kikuu cha Moi, vikundi vyetu vya WhatsApp huku ughaibuni hupokea ombi lile lile: kijana amemaliza uhandisi wa umeme, moyo wake uko kwenye kawi safi, mtafutieni programu ya wahitimu huko mliko. Nasi tunaanza kuhangaika kutafuta vyuo vya Ujerumani. Kumbe huyo kijana amesomea karibu kabisa na mitambo ya sola.

Kaunti ya Uasin Gishu ina mitambo mitatu mikubwa ya sola iliyounganishwa na gridi: Selenkei, Cedate, na ule wa kampuni ya Alten ulioko Kesses. Kila mmoja una megawati 40. Usawa huo haukutokea kwa bahati. Sera ya bei elekezi ambayo serikali iliitoa mwaka 2012 iliahidi senti 12 za dola kwa kila uniti ya umeme wa sola, kwa mkataba wa miaka 20, mradi mtambo usizidi megawati 40. Wawekezaji wakapima viatu kwa mguu huo. Eneo nalo lilikuwa limejaa sifa. Kituo cha umeme cha Lessos hakiko mbali. Baridi ya Eldoret, mji ulio mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, huzifaa paneli, kwa maana paneli ikipata joto jingi hutoa umeme pungufu. Tena magharibi mwa Kenya kumekuwa na stima dhaifu miaka mingi, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wake husafiri kutoka mitambo ya mvuke wa ardhini ya Olkaria au kuvuka mpaka kutoka Uganda.

Basi, kazi ziko wapi? Mtambo wa sola huajiri watu wengi unapojengwa. Ukishawashwa hubaki walinzi, wakata nyasi, waosha paneli, mafundi kadhaa, na mhandisi wa kufuatilia inverta na transfoma. Halafu mwaka 2021 kikosi kazi kilichoongozwa na John Ngumi kikachunguza mikataba ya ununuzi wa umeme, na mikataba mipya ikasimamishwa. Waliohitimu miaka hiyo walikuta paneli zinang'aa na milango imefungwa. Hawakukosa bidii; ujenzi ulikuwa umekwisha.

Ndiyo maana mimi humshauri kijana asijifungie kwenye sola. Nchini Kenya zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini, na kisima cha mvuke hakikai kimya kama paneli. Kinachimbwa, kinapimwa, mabomba yake yanaota magamba ya madini, turbini inafunguliwa na kusafishwa. Kazi haziishi. Olkaria imekuwa na mitambo ya mvuke tangu 1981, mingi ikiendeshwa na kampuni ya KenGen, na sekta hiyo ndiyo inayomfungulia mtu programu ya wahitimu ninayoiona bora kuliko zote: mafunzo ya miezi sita nchini Iceland, yaliyoanza mwaka 1979 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa na sasa yako chini ya taasisi ya mafunzo ya GRÓ. Hakuna taifa lililopeleka wanafunzi wengi kuliko Kenya. Wachache huendelea hadi shahada ya uzamili.

Nafasi hiyo hainunuliwi. Mwajiri wako ndiye anayekupendekeza, ukiwa tayari kazini kwenye sekta ya mvuke, na gharama zote hulipwa. Nalisisitiza hili kwa sababu Eldoret bado ina kidonda cha mpango wa masomo ya Finland na Kanada uliopitia serikali ya kaunti, ambao mwaka 2023 uliwatoa wazazi barabarani wakidai pesa zao. Kwa hiyo akija mtu na programu ya kawi safi inayoanza na ada ya kuweka nafasi, ndugu zangu, wekeni simu chini.

Anayetaka kubaki nyumbani asiidharau Moi yenyewe. Tangu 2016 chuo hicho kina kituo cha umahiri kilichofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kinachounganisha nguo, kemikali za mimea na kawi jadidifu. Mchanganyiko huo unashangaza mpaka ukumbuke kwamba Moi ndiyo iliyokinunua kiwanda cha Rivatex mjini Eldoret, na kiwanda cha nguo hula mvuke na umeme mchana kutwa.

Popote atakapoangukia, kuna swali moja la kuuliza kabla ya mshahara: nani atasimamia kazi yangu? Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, mhitimu hujisajili kwanza kwenye Bodi ya Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi miaka isiyopungua mitatu kabla ya kuomba usajili kamili. Mhandisi aliyesajiliwa akikosekana kazini pale, kuthibitisha miaka hiyo huwa shughuli. Kampuni ndogo za mjini zinazofunga pampu za sola mashambani na paneli juu ya mapaa ya shule hufundisha mikono upesi kuliko mashirika makubwa, na leseni ya fundi sola kutoka EPRA, mamlaka inayosimamia kawi, ni mlango halali wa kuanzia. Ila aulize hilo la msimamizi siku ile ile ya mahojiano, na jibu aliombe kwa maandishi.