Ndama Akikataa Chupa, Usimmiminie

Simu za namna hii huja alfajiri, kabla maziwa hayajapelekwa kwa wateja: "Dokta, shikamoo. Ndama kagoma chupa tangu jana jioni. Nimejaribu kumnywesha, yanamwagika tu." Katika maneno hayo yote, linalonishtua ni hilo la kumnywesha.

Kwa wengi tunaofuga Chamazi, Mbande na huko kuelekea Msongola, kumnywesha ndama maana yake inajulikana. Mmoja anabana shingo, mwingine anainua kichwa juu, chupa ya soda inaingizwa pembeni ya mdomo na maziwa yanamiminwa. Mwenye ndama hufanya hivyo kwa huruma, akiamini mnyama asipokula atakufa. Lakini ndama mgonjwa anaweza kufa kwa huko kumiminiwa, kabla hata ugonjwa wenyewe haujammaliza.

Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, na ndama wa wiki za kwanza hutegemea kile cha nne tu. Anaponyonya, mfereji ulio tumboni hujikunja ukawa kama bomba na kuyapitisha maziwa moja kwa moja hadi chumba hicho, ambako huganda na kusagwa taratibu. Kinachoufunga mfereji huo ni hamu yake mwenyewe: ulimi unaovuta chuchu, harufu ya maziwa, hata kumwona mtu anayemletea chupa kila siku. Ndama asiye na hamu, mfereji wake hubaki wazi. Maziwa unayommiminia yanaangukia chumba cha kwanza, ambacho bado ni kichanga, yanachacha humo na tumbo linajaa gesi. Tayari umempa ugonjwa wa pili. Wa tatu huja pale anaposhindwa kumeza: maziwa yanampalia na kuingia mapafuni. Nimonia ya namna hiyo ni ngumu kuitibu, na ndama wengi hawaponi.

Basi weka chupa chini, umtazame ndama.

Osha mikono, mtie kidole mdomoni. Mdomo ukiwa na joto na akakivuta kidole kwa nguvu, anza kukagua chupa kabla ya kumshuku yeye. Chuchu mpya ngumu, tundu lililoziba na maziwa yaliyopoa humfanya ndama mzima agome. Ndama aliyetenganishwa na mama yake jana naye huhitaji siku mbili tatu kuizoea chupa. Yapashe maziwa yafikie joto la mwili wake, nyuzi 38 hadi 40, mpe akiwa amesimama, chupa ikiwa kwenye usawa wa kiwele cha mama yake. Tundu usilipanue kwa kisu ili amalize upesi. Maziwa yanayokuja kwa kasi humpalia.

Mdomo ukiwa wa baridi na kidole hakivuti, hiyo ni dharura. Ndama huyo anahitaji dripu ya mshipani siku hiyohiyo, na chupa haina kazi kwake kwa sasa.

Kati ya hali hizo mbili ndipo walipo wagonjwa wengi, na hapo kipimajoto kina thamani kuliko sindano. Kile cha dijitali kinachouzwa duka la dawa za binadamu kinatosha. Kiingizwe njia ya haja kubwa, kisha kitengwe kwa kazi hiyo tu. Ndama mzima huwa na nyuzi 38.5 hadi 39.5. Pima asubuhi, maana jua la mchana la Dar es Salaam, chini ya bati lisilo na dari, humpandisha joto na kumfanya ahemehe hata kama haumwi. Wakati huohuo mpapase kitovu: kikiwa kimevimba, kina joto au kinanuka, usaha umeanza humo na unaweza kufika kwenye maini na viungo vya miguu. Kisha tazama mkia na mapaja kama yamechafuka kwa kuhara.

Kuhara ndiko kunakoua ndama wengi wachanga, na kinachowaua hasa ni kukauka maji. Ivute ngozi ya shingo kwa vidole, uiachie. Ikikawia zaidi ya sekunde mbili kurudi, au macho yameanza kuingia ndani, maji yamepungua sana. Ndama wa kilo 35 aliyepungukiwa kwa asilimia 8 ya uzito wake amepoteza karibu lita 3, na hizo zinapaswa kurudi mwilini mbali na maziwa yake ya kila siku. Kama bado ananyonya, ORS ya binadamu inafaa kwa huduma ya kwanza: paketi 1 kwa lita 1 ya maji safi ya uvuguvugu, lita moja hadi mbili kwa mara, katikati ya milo. Usiichanganye na maziwa. Wala usimkatie maziwa kwa siku nzima ukidhani unalipumzisha tumbo, kwani ndama mchanga hana akiba. Mpe kidogokidogo, mara nyingi zaidi.

Akiwa na wiki kadhaa, ana homa ya nyuzi 40 na zaidi, na tezi za chini ya sikio zimevimba, fikiria ndigana kali. Inaletwa na kupe, hata katika banda la ndani, kwa sababu kupe hufika na majani yaliyokatwa bondeni. Dawa yake ipo, lakini hufanya kazi vizuri ikiwahiwa. Hapa ndipo ninaposikitika na zile sindano za oksitetrasaiklini zinazochomwa kila ndama anapogoma: ndigana kali iliyokwisha kushika haiponi kwa dawa hiyo, na siku mbili za kusubiri nafuu ndizo zilizokuwa za kumwokoa. Sisi wa Temeke tuna bahati, maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania iko hapahapa wilayani, na daktari anaweza kupeleka sampuli bila kusafiri mbali.

Jambo moja kwa wazazi. Katika nyumba nyingi za huku chupa ya ndama ni kazi ya watoto, na vijidudu kadhaa vinavyomharisha ndama humharisha binadamu pia. Ndama akianza kuhara, mtu mzima achukue kazi hiyo, na kila anayemgusa anawe kwa sabuni.

Ndama aliyekosa mlo mmoja, mpime joto na umtazame kwa karibu. Akikosa wa pili, mpigie afisa mifugo wa kata yako siku hiyohiyo, umwambie umri wake, joto ulilopima na mara ya mwisho aliponyonya.