Paka wako akisusia omena, mchungulie meno kwanza

Juzi alikuwa anamaliza omena zote kabla hujageuka. Leo ananusa sahani, analamba mara moja, kisha huyoo, anaenda kulala juu ya laptopu yako. Unampiga picha na kuandika: "Mwenye nyumba ameanza maringo."

Pengine si maringo. Kama ana kati ya miezi mitatu unusu na saba, huenda anabadilisha meno. Ndiyo, paka pia hung'oka meno ya utotoni. Huwa nayo 26, halafu humpisha mwenzake mmoja baada ya mwingine hadi awe na 30 ya ukubwani. Mengi huyameza tu pamoja na chakula, kwa hivyo usishangae kama hujawahi kuona hata moja sakafuni.

Kipindi hicho fizi humuuma. Atatafuna upande mmoja, ataangusha chakula, na atahamia waya wa chaja yako (uchomoe na uufiche, stima haina mchezo). Mlainishie mlo: loweka chakula kikavu kwa maji ya uvuguvugu, au chemsha omena bila chumvi na uziponde. Mchuzi wako wa jana usimpe, kwa sababu kitunguu na saumu huharibu damu yake. Maziwa nayo, hata kama shosho aliwapa paka wake miaka yote, huwaharisha wengi wakishaacha kunyonya. Ugali mtupu pia haumtoshi. Paka ni mla nyama. Anahitaji taurini iliyo ndani ya nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika.

Sasa, kosa ambalo linaua: kumpa Panadol. Unamwona anateseka, unavunja nusu tembe, nia yako ni safi kabisa. Mwili wa paka hauwezi kuivunja parasetamoli kama wako. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni, ini huumia, na hata kipande cha tembe moja chaweza kumuua. Kama ashaimeza, usisubiri uone atakavyokuwa. Mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Kumkagua si kazi. Akiwa ametulia mapajani, inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, pande zote mbili. Tone la damu jino likitoka ni kawaida. Fizi nyekundu zilizovimba, mate yanayochuruzika, mdomo unaonuka vibaya hata baada ya meno kumaliza kubadilika, au chonge ya zamani iliyogoma kutoka huku mpya ikiota kando yake, hizo ni za daktari. Na paka mdogo asipogusa chakula siku nzima, usingoje Jumamosi ukiwa off. Mwili wake hauna akiba, na paka ni bingwa wa kuficha maumivu.

Mswaki? Subiri fizi zipoe, kisha anza akiwa bado mdogo, maana mkubwa atakukwaruza. Tumia dawa ya meno ya paka, si yako, kwa sababu yeye hatemi, anameza. Siku za kwanza chovya tu kidole kwenye supu ya samaki isiyo na chumvi, umpapase fizi sekunde chache, umwachilie aende zake.