Tun Tun: Mhusika Bapa au Msanii Kamili?

Mwulize mwanafunzi yeyote wa fasihi hapa chuoni maana ya mhusika bapa, hatakawia kukujibu. Ni yule asiyebadilika, mwenye sifa moja tu toka mwanzo mpaka mwisho wa kazi: mlevi ni mlevi, mchoyo ni mchoyo, mama mnene ni mama mnene. Akishajibu hivyo anampita, anakimbilia kwa mhusika mkuu, maana huko ndiko ziliko alama za mtihani. Makala haya yanarudi nyuma kumtafuta huyo aliyepitwa. Nitamjadili mwigizaji mmoja wa sinema za Kihindi, marehemu Uma Devi Khatri, ambaye wazee wetu wa pwani wanamjua zaidi kwa jina la Tun Tun. Swali langu ni hili: mtu aliyeonekana katika filamu zinazokaribia 200, nyingi akiwa mchekeshaji wa pembeni, je, alikuwa bapa yeye, au ni sisi tuliomtazama kibapa?

Huenda mhadhiri fulani akahoji, sinema za Kihindi zinatafuta nini kwenye jarida la uhakiki wa fasihi? Jibu ni kwamba filamu ina msuko, ina wahusika, ina mandhari na dhamira, sawa na tamthilia yoyote tunayoisoma darasani. Zaidi ya hapo, hadhira yetu ya Waswahili ilizizoea filamu hizo kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kulikuwa na Empire na Majestic kule Unguja, Avalon na Odeon Dar es Salaam, Regal na Naaz Mombasa. Nyimbo zake ziliingia hata katika taarabu, watu wakachukua lahani ya Kihindi na kuitilia maneno ya Kiswahili. Sasa kama lahani zile ni sehemu ya historia ya ushairi wetu wa kuimbwa, mbona wahusika wake tuwaache mlangoni?

Tuanze na maisha yake. Uma Devi alizaliwa mwaka 1923 huko Uttar Pradesh, kaskazini mwa India. Aliondokewa na wazazi angali mdogo, akalelewa na jamaa. Alichokipenda ni kuimba. Alipofika miaka ishirini na kitu akatoroka, akaenda Bombay, mji ambao tangu 1995 unaitwa Mumbai. Inasimuliwa kwamba alimwendea mtunzi wa muziki Naushad Ali, akamwambia asipompa nafasi ya kuimba atajitosa baharini. Iwe kweli au iwe imetiwa chumvi, nafasi aliipata. Mwaka 1947 ikatoka filamu Dard, iliyoongozwa na A. R. Kardar, na ndani yake Uma Devi akaimba Afsana Likh Rahi Hoon, jina ambalo maana yake ni kwamba naandika kisa. Wimbo ukavuma India nzima, na mpaka leo unapigwa.

Hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini. Katika sinema hizi, mwigizaji unayemwona akiimba mara nyingi siye mwenye sauti. Mwimbaji hurekodiwa studioni, kisha mwigizaji hufuatisha kwa midomo mbele ya kamera. Katika Dard, uso uliouona ulikuwa wa Munawwar Sultana, ila koo lilikuwa la Uma Devi. Yaani aliingia katika sanaa akiwa sauti isiyokuwa na mwili. Mtu angeweza kulia kwa wimbo wake, kisha akapishana naye barabarani asimjue.

Alirekodi nyimbo nyingine, zikiwemo za filamu Anokhi Ada na Chandralekha, zote za mwaka 1948. Lakini mambo yalikuwa yanageuka. Mwaka 1949 zilitoka Mahal, Barsaat na Andaz, na katika zote tatu sauti iliyotawala ilikuwa ya Lata Mangeshkar, nyembamba, ya juu, iliyopanda na kushuka bila kukwama. Uimbaji wa Uma Devi ulikuwa wa mtindo uliotangulia, na wigo wa sauti yake haukuwa mpana. Kazi zikapungua. Hapo ndipo Naushad, aliyemjua kuwa ni mtu wa maneno mengi na vichekesho, alipomshauri ajaribu kuigiza. Mwaka 1950 akatokea katika Babul, pamoja na Dilip Kumar na Nargis, na jina la Tun Tun likamganda. Uma Devi akafifia, Tun Tun akabaki.

Ona basi mgeuko wenyewe. Yule aliyekuwa sauti bila mwili sasa akawa mwili. Simaanishi hakuongea. Aliongea, tena kwa kasi na kwa ukali. Ninachosema ni kwamba waandishi wa miswada walimwandikia umbo lake kwanza, maneno yakafuata baadaye. Akiingia mlangoni, kichekesho kimeshaanza. Kiti kitalia, mwanamume mwembamba atashtuka, hadhira itaangua kicheko. Kule India jina lake likageuka kuwa jina la utani la kila mwanamke mnene. Hebu fikiri, jina la kazi la msanii kugeuzwa tusi la mtaani!

Wanaomwona bapa watanukuu nadharia. E. M. Forster, katika kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu riwaya, ndiye aliyetupa mgawanyo wa wahusika bapa na wahusika duara. Lakini wengi wetu tunasahau kwamba Forster huyohuyo alikiri wahusika bapa wana kazi yao, na kwamba hufaulu zaidi katika uchekeshaji. Kwa hiyo kumwita mtu bapa si hukumu, ni maelezo ya kazi aliyopewa. Hukumu inatakiwa ije baada ya kuuliza: aliifanyaje kazi hiyo?

Chukua Pyaasa ya Guru Dutt, ya mwaka 1957. Ni kisa kizito cha mshairi asiyethaminiwa mpaka pale watu wanapodhani amekufa. Ndani ya huzuni hiyo wamo wachekeshaji wawili, Johnny Walker na Tun Tun. Johnny Walker, kama mkandaji wa vichwa, amepewa jina, kazi, urafiki na mshairi na wimbo mzima wa kutamba. Tun Tun amepewa nafasi fupi ya Pushplata. Wote wawili ni wahusika wadogo, wote wawili ni wa kuchekesha, ila mmoja ana maisha nje ya kichekesho na mwingine hana. Tofauti hiyo haitokani na kipaji. Inatokana na kalamu, maana kalamu ilijua mwanamume wa kuchekesha anaweza kuwa rafiki na hata mpenzi, lakini mwanamke wa kuchekesha haikujua imfanye nini baada ya watu kumaliza kucheka.

Na bado yeye alijua la kufanya. Atakayemtazama usoni badala ya kiunoni ataona fundi. Macho huzunguka kabla ya neno kutoka. Hungoja nukta moja zaidi kuliko unavyotarajia, ndipo ajibu. Anapotongoza hatongozi kwa kuomba msamaha, anatongoza kama mtu mwenye haki zake. Ameigiza mkabala na Bhagwan, Agha, Mukri, Johnny Walker, na wote hao iliwabidi wamfuate mwendo. Guru Dutt alimtumia pia katika Aar Paar (1954) na Mr. & Mrs. '55 (1955), na mwongozaji wa kiwango kile hamwiti mtu mara kwa mara kwa ajili ya uzito wake tu.

Sasa tuje kwa hadhira, maana maana ya kazi haiishii kwa mwandishi. Bibi yangu mzaa mama alikulia Unguja, na miaka ya 1960 akienda kwenye maonyesho ya wanawake peke yao. Kihindi hakikujua, na tafsiri ya Kiswahili haikuwepo. Nilipomwuliza kama walikuwa wakimcheka Tun Tun kwa unene, akanishangaa. "Unene una nini, mwanangu? Sie mwanamke mnene tukimwona ameshiba, ana siha. Tulimcheka kwa kuwa hana haya. Alikuwa akiyafanya mbele ya wanaume yale tuliyokuwa tukiyameza."

Maneno hayo yamenifundisha kuliko vitabu viwili. Kichekesho kilitoka Bombay kikiwa kejeli ya umbo, kikafika ukumbi wa wanawake wa Kizanzibari kikiwa kejeli ya ukimya. Filamu ni ileile. Hadhira ndiyo iliyobadilika, na mhusika naye akabadilika pamoja nayo. Nauliza basi, huyu anayebeba maana mbili katika pwani mbili za bahari moja, tunamwitaje bapa?

Sitaki kujifanya nahukumu kwa mbali. Mimi mwenyewe ni mnene. Katika shule ya sekondari niliyosoma, kila mwaka kikundi cha maigizo kilinipa nafasi ya mama mkwe au mama ntilie, hata nilipokuwa nimekariri maneno ya malkia. Watu walicheka, nami nikajifunza kucheka kabla yao. Kwa hiyo namwelewa mtu aliyekubali mlango mdogo kwa sababu mkubwa umefungwa. Ila pia najua kwamba ndani ya ule mlango mdogo mtu anafanya kazi, anahesabu hatua, anachagua neno la kukazia. Si kweli kwamba anajitupa tu jukwaani na mwili wake.

Tun Tun aliendelea kufanya kazi kwa miongo minne. Alionekana katika Namak Halaal ya mwaka 1982, zama za Amitabh Bachchan, na filamu yake ya mwisho ilikuwa Kasam Dhande Ki ya mwaka 1990. Alifariki Mumbai tarehe 24 Novemba 2003, miezi michache tu baada ya Johnny Walker. Wapo waliomlilia Tun Tun bila kujua kwamba ule wimbo wa zamani waliokuwa wakiupenda ulikuwa wake.

Kwa kuhitimisha, makala haya hayasemi kila mhusika mdogo ni duara. La hasha. Yanasema tutenganishe mambo matatu ambayo kwenye insha zetu tunayachanganya: mhusika kama alivyoandikwa, msanii aliyempa uhai, na hadhira iliyompokea. Tun Tun aliandikwa bapa, aliigiza kwa ufundi kamili, akapokelewa kwa namna tofauti na watu tofauti. Siku nyingine mkichambua tamthilia, msiwapite watumishi, mama wakwe na walevi. Yawezekana mmoja wao ndiye aliyeimba ule wimbo mnaoupenda. Mwenye hoja ya kunipinga na aandike, nafasi katika toleo lijalo ipo.