Kipepeo wa Chungwa Kwenye Ploti za Ruiru na Thika

Kati ya Ruiru na Thika, kwenye ploti ambazo hazijajengwa na kando ya mashamba ya kahawa, humea kichaka chembamba chenye matunda yaliyovimba kama puto, yenye vinywele laini. Ukichuma jani lake, utomvu mweupe hutiririka. Ni Gomphocarpus, na wengi hukifyeka wakidhani ni magugu tu. Hapo ndipo pa kumtafuta Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa, ndugu wa yule wa Amerika Kaskazini ambaye kwa mamilioni huhamia Mexico kukwepa baridi.

Jike hutaga yai mojamoja, kwa kawaida chini ya jani la Gomphocarpus. Kiwavi wake ana milia myeusi, myeupe na ya njano, na jozi 3 za vipembe vyeusi. Yule wa Amerika ana jozi 2. Majani hayo yana sumu inayodhuru moyo, na kiwavi huweza kuihifadhi mwilini hadi anapoota mabawa. Ndege akimwonja humtema, na baadaye huikwepa rangi ile. Ndiyo maana kipepeo huyu huruka polepole mchana kweupe, na jike wa kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, asiye na sumu hiyo, ameiga sura yake.

Akitua, hesabu madoa meusi katikati ya bawa la nyuma: dume ana 4, jike 3. Dume pia hupenda mimea ya mitoo iliyonyauka. Hufyonza humo kemikali za kutengenezea harufu ya kumbembeleza jike.

Jambo kubwa zaidi halionekani kwa macho. Afrika Mashariki, wengi wa vipepeo hawa hawana ncha nyeusi kwenye mabawa ya mbele. Kwingineko wengi wanazo. Aina hizo hukutana na kuzaliana hapa, Nairobi na viunga vyake. Na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe: majike wengi wana bakteria aitwaye Spiroplasma, ambaye huua watoto wa kiume wakiwa bado mayai. Mama aliyeambukizwa huzaa mabinti tu, nao huurithi ugonjwa. Watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi, na kwangu ni miongoni mwa maajabu makubwa ya kibiolojia nchini.

Basi, unaposafisha ploti, acha vichaka vichache vya Gomphocarpus penye ua. Usiwaruhusu watoto wavichezee, na ukivishika nawa mikono kabla ya kugusa macho, kwa maana utomvu wake huwasha vibaya.