Je, Wajua? Kuna Kanzidata Inayofuta kwa Kuandika

Ukifuta kitu ndani ya kanzidata iitwayo Cassandra, hakifutiki palepale. Mashine huandika kitu kingine kipya: alama ndogo ya kutangaza kwamba kumbukumbu fulani imekufa. Wahandisi huiita alama hiyo jiwe la kaburi. Kumbukumbu yenyewe hubaki diskini mpaka zamu ya usafi ifike, na jiwe lake hudumu siku zisizopungua 10, isipokuwa msimamizi awe amepanga vingine.

Cassandra ilizaliwa Facebook, mikononi mwa Avinash Lakshman na Prashant Malik, ili watumiaji waweze kutafuta maneno ndani ya barua zao. Ilianza kazi Juni 2008, Facebook ikiwa na watumiaji milioni 100 hivi. Mwezi uliofuata msimbo wake uliwekwa wazi kwa yeyote autakaye, na mwaka 2010 ikawa mradi kamili wa Apache, wakfu wa programu huria. Lakshman hakuanzia sifuri. Alikuwa mmoja wa walioandika makala ya mwaka 2007 kuhusu Dynamo, hifadhi ya Amazon iliyobuniwa ili kikapu cha mnunuzi kiendelee kupokea bidhaa hata seva zikianguka. Kwa Dynamo, Cassandra ilirithi namna ya kugawana kazi. Kwa Bigtable, hifadhi ya Google, ilirithi namna ya kupanga data. Jina ni la binti mfalme wa Troya katika hadithi za Wagiriki, aliyejaliwa kutabiri kisha akalaaniwa asiaminiwe na mtu.

Kabla ya hapo majedwali ndiyo yaliyotawala. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM, alipendekeza data ipangwe katika majedwali yanayohusiana, na mpango huo ungali unaendesha ofisi nyingi duniani. Shida ilikuja data ilipozidi kifua cha mashine moja. Mashine kubwa zaidi ina bei yake na ina kikomo chake, na kuoanisha majedwali yaliyotapakaa kwenye seva mia ni kazi nzito. Mwaka 2009 wahandisi walikutana San Francisco kuzungumzia hifadhi za namna mpya, na jina walilolipa kusanyiko lao, NoSQL, likashika hadi leo.

Cassandra haina mkubwa.

Kila seva, au nodi kama waiitavyo wenyewe, ina hadhi sawa na nyingine. Data inapoingia, ufunguo wake hugeuzwa kwa hesabu kuwa namba. Namba zote hupangwa kwenye duara, na kila nodi ina vipande vyake vya duara vya kutunza. Kwa kawaida nakala tatu huhifadhiwa kwenye nodi tatu tofauti. Data ikiongezeka, msimamizi huongeza nodi, nazo zikachukua sehemu ya mzigo bila huduma kufungwa. Apple imewahi kutangaza kwamba inaendesha zaidi ya nodi 75,000 zilizobeba zaidi ya petabaiti 10.

Sasa nani atajua nodi ipi nzima na ipi mahututi? Hujulikana kwa umbea, na hilo ndilo jina la kitaalamu la mbinu yenyewe. Kila sekunde nodi huchagua wenzake wachache, wasiozidi watatu, ikawapa ilichosikia na kupokea walichosikia wao. Baada ya mizunguko michache habari huwa imeenea kundi zima. Nodi isiyosikika hupimwa kwa kiwango cha shaka kinachopanda kadiri ukimya unavyorefuka, na shaka ikivuka mpaka huhesabiwa kuwa imeanguka. Maandiko yaliyokuwa yake huandikiwa kikaratasi na kuwekwa akiba kwa nodi nyingine, kwa kawaida hadi muda wa saa 3, ili iyakute itakaporudi.

Msomaji wa data naye hamwamini shahidi mmoja, bali hutafuta akidi. Nakala zikiwa tatu, mwandishi husubiri mbili zikubali, na msomaji huuliza mbili. Mbili na mbili ni nne, nne inazidi tatu, kwa hiyo walau nakala moja kati ya zilizoulizwa imeona andiko la mwisho. Asiyejali usahihi wa sekunde hiyo anaweza kuuliza moja tu na kujibiwa haraka zaidi. Nakala zikipingana, yenye mhuri wa wakati wa karibuni ndiyo inayoshinda. Ndiyo maana saa za seva lazima zikubaliane: moja ikikimbia mbele, andiko la zamani laweza kulimeza jipya.

Hapo ndipo jiwe la kaburi linapoeleweka. Chukua kumbukumbu yenye nakala kwenye nodi tatu, ya tatu ikiwa imezimika. Mbili zilizobaki zikifuta kweli bila kuacha alama, ya tatu itarudi na nakala yake, iwaone wenzake kama waliopitwa na habari, iwagawie. Kilichokufa kimefufuka. Wahandisi huviita vitu hivyo mazombi, na siku 10 zile ni muda wa kuzipatanisha nodi kabla mawe hayajaondolewa.

Mawe nayo yakizidi huwa balaa. Discord, mtandao wa mazungumzo unaopendwa na wacheza michezo ya kompyuta, ulikuwa na chaneli ya umma iliyofutwa mamilioni ya jumbe, ikabakiwa na mmoja. Kila aliyeifungua aliilazimisha Cassandra kupita juu ya makaburi yote kuutafuta ujumbe huo, na mashine ikawa inaganda kwa sekunde 10 ikisafisha kumbukumbu yake ya muda (RAM). Wahandisi walipunguza umri wa mawe hadi siku 2, wakairekebisha programu yao ikumbuke mafungu ya jumbe yaliyo matupu, isiyapitie tena.

Cassandra pia haioanishi majedwali. Mtu hupanga data kwa kufuata swali atakalouliza. Akiwa na maswali matatu, huenda akaandika data ileile mara tatu. Mhasibu anayetaka kupekua leja kwa kila pembe atafaidi zaidi majedwali ya Codd.

Kufikia mwanzo wa 2022 Discord ilikuwa na nodi 177 za Cassandra zenye matrilioni ya jumbe, na usafi wa kumbukumbu ya muda unaoletwa na Java, lugha iliyotumika kuiandika Cassandra, ulikuwa ukiwakosesha wahandisi usingizi. Mwezi Mei walihamia ScyllaDB, kanzidata inayoiga Cassandra lakini imeandikwa kwa C++, na nodi 72 zikatosha. Desemba mwaka huo Argentina ilipokutana na Ufaransa katika fainali ya Kombe la Dunia nchini Qatar, wahandisi waliufuata mchezo kwenye grafu ya jumbe. Penalti ya Messi wa Argentina ilichora kilele, mapumziko yakaonekana kama uwanda wa dakika 15, na Mbappé wa Ufaransa alipofunga mawili ndani ya dakika mbili mstari ukaruka juu. Kanzidata haikuyumba.