Hawken: Jina Kwenye Mtutu Halitoshi

Je, wajua kwamba bunduki yaweza kuwa na muhuri halisi wa Samuel Hawken ilhali Samuel mwenyewe hakuigusa? Ndugu wawili, Jacob na Samuel Hawken, waliendesha karakana yao mjini St. Louis, Marekani, tangu miaka ya 1820, wakiwaundia wawindaji wa Milima ya Rocky magobore ya kuagiza: mtutu mzito wa pembe nane, tundu la takriban milimita 13, na uzito unaokaribia kilo 5. Jacob alifariki kwa kipindupindu mwaka 1849, na muhuri wa "J & S Hawken" ukaupisha wa "S. Hawken". Miaka ya 1860 karakana ikanunuliwa na John Gemmer, fundi aliyekuwa amefanya kazi humo, naye akaendelea kuugonga muhuri wa Samuel kwenye baadhi ya bunduki zake. Ukiongeza mafundi wa kuajiriwa waliokuwapo tangu mwanzo, muhuri halisi unathibitisha ni karakana gani, wala hauthibitishi ni mkono wa nani. Kwa hiyo mnunuzi makini huanza kwa kuichunguza kazi yenyewe, jina akaliacha lithibitishwe na kazi hiyo.

Kazi hiyo ina mengi ya kueleza. Kwenye Hawken nyingi za milimani mbao huishia katikati ya mtutu, na vyuma vya kitako na vya kulindia kifyatulio ni vya chuma cheusi. Zile za kuigiza zilizotoka viwandani tangu miaka ya 1970 mara nyingi zina shaba inayong'aa, na ndani ya mtambo wa kufyatulia mna springi za kuviringwa badala ya springi bapa. Ukichomoa kabari mbili bapa zinazoushika mtutu, unanyanyuka wote, kwa sababu nyuma umeshikwa kwa ndoana tu. Hapo ndipo pa kutazama: mbao ya zamani huwa imekolea rangi hata mafichoni, na mbao nyeupe chini ya mtambo ni dalili ya ukarabati. Kisha zikague herufi za muhuri. Ikiwa kutu imechimba vishimo pande zote na ndani ya herufi chuma ni safi, herufi hizo ziligongwa baada ya kutu. Jina lililo kwenye mtambo lisikudanganye pia, maana mafundi wengi walinunua mitambo madukani, mingine ikitoka Uingereza.

Atatokea wa kusema kwamba kwa kipimo hiki hakuna bunduki itakayosalimika, kwani karibu zote zimetengenezwa upya mahali fulani. Ni kweli, lakini zilikuwa vyombo vya kazi: mtutu uliochakaa ulichongwa upya, na bunduki ya gumegume ikageuzwa kuwa ya fataki. Ukarabati unaoonekana ni sehemu ya historia yake na hupunguza bei tu. Ubaya ni ule uliofichwa ili bei ipande. Mwingine atasema cheti cha mmiliki wa zamani kinamaliza ubishi. Kinasaidia, ila karatasi inaweza kuhamishiwa bunduki nyingine, hivyo haina uzito mpaka urefu, tundu na alama ilizozitaja zilingane na bunduki iliyo mezani.

Kabla ya yote hayo, hakikisha haina shehena, maana magobore mengi ya kale hukutwa bado yamejazwa, na baruti kavu haizeeki. Tumbukiza mdeki hadi ukome, tia alama mdomoni mwa mtutu, kisha uulaze kwa nje: usipofika karibu na pale fataki inapovalishwa, kuna kitu ndani, na mpe fundi bunduki akitoe. Baada ya hapo lipa thamani ya kile ulichokiona kwa macho. Ziada ya jina ilipwe pale tu mbao, chuma, muhuri na karatasi vinapotoa ushahidi mmoja. Vikipingana, nunua kwa bei ya bunduki isiyo na jina au umwachie mwenyewe.